Waranti

Yule kijana wa tai, dukani barabara ya Enterprise,
aliipapasa kama mtu anayeuza ng'ombe wa maziwa:
"Tani ishirini na mbili, mama. Injini ya petroli.
Waranti mwaka mzima. Ila mkiigusa kwa weldi,
waranti imekufa."
Nikahesabu noti mbele yake, laki mbili na elfu thelathini,
miaka minne ya chama na magogo ya Kinale,
nikakunja risiti, nikaitia kifuani,
kisha nikamwambia dereva wa pikapu:
Kamukunji.

Maana mashine haikunijua.
Ilikuwa fupi; aliyeichora hakuwa na mgongo,
au alikuwa na mgongo wa mtu asiyeinua kitu.
Kabari yake moja, gogo linatoka vipande viwili,
na wachoma nyama wa Dagoretti Corner
wanataka kuni za unene wa kifundo cha mkono,
si za kuegemea.

Fundi Oluoch aliizunguka mara tatu bila neno.
Akagonga boriti kwa spana, akasikiliza.
"Chuma kizuri," alisema. "Miguu ya mtoto."
Akaipandisha hadi usawa wa kitovu changu
(alinipima kwa kamba, watu wakacheka),
akaivika magurudumu ya Probox iliyokufa Kariobangi,
akachomelea kabari ya pili ikakatiza ya kwanza, msalaba,
kwa jani la springi ya lori.
Cheche zikanyesha juu ya stika
yenye herufi nyekundu nisizotaka kuzisoma.
Hapo waranti ilikufa.
Hatukuifanyia matanga.

Jioni ile, Riruta, Makokha alikuwa amekaa juu ya gogo,
shoka mapajani.
Miaka kumi na moja nilijua saa kwa shoka lake:
saa mbili, pigo kavu, mkaratusi mkavu;
saa sita, kimya, chai;
saa tisa, pigo la pili linachelewa,
na mimi nikajua ni bega.
Hajawahi kusema bega. Husema, "Gogo hili kaidi."

Sikumwambia kitu. Ningemwambia nini?
Kwamba nimenunua chuma kwa sababu ya bega lake?
Hiyo ni nusu ya kweli. Nusu nyingine
ni shule mbili za Waithaka zinazotaka lori kila Jumatatu.

Kamba ya injini ilivutwa mara nne. Ikakohoa. Ikashika.
Pistoni ikaja polepole, kama mdai
anayejua hakuna atakayemkimbia,
ikaligusa gogo, na gogo likasema kah!
likafunguka mara nne, nyama yake ya waridi,
harufu ya dawa ya kifua uani kote.

Gogo la saba lilikuwa na kifundo.
Injini ikanguruma kwa chini, hozi ikatoa jasho la mafuta,
pistoni ikasimama.
Nikamwona Makokha akiinuka.
Shoka aliliacha. Aliligeuza gogo robo tu,
kama unavyomgeuza mtoto aliyelala,
akaweka kidole: "Hapa palikuwa na tawi.
Usipite mlangoni mwake."
Akavuta wenzo mwenyewe.

Wenzo ule ulikuja na kishikio cha plastiki,
kikipigwa na jua kinaunguza.
Leo asubuhi nimekikuta kimeng'olewa;
mahali pake kuna kipande cha mpini,
cheusi kwa viganja vya miaka kumi na moja,
kimefungwa kwa waya mara tatu, mara nne.
Shoka liko stoo, kichwa kitupu.

Sikuuliza.
Nimetoa risiti kifuani; imelowa, namba zimefifia,
muhuri wa duka umekuwa doa la zambarau.
Nyuma yake bado peupe.
Nimeandika oda ya Jumatatu.